Imla ya Ujima: Mashindano ya Tahajia kwa Watoto Wajifunzao Nyumbani Kasulu na Kibondo

Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo walimu wengi huliona dogo, nalo ni namna ya kuwashindanisha watoto katika tahajia. Tunalileta mbele ya walimu wenzetu kwa sababu katika nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo, uzito wake haulingani na udogo wake. Wako watoto huku ambao herufi zao za kwanza hawakuzipata shuleni. Wamezipata nyumbani, kwa dada au kaka aliyemaliza darasa la saba, kwa mama aliyehifadhi daftari lake la zamani, au kwa katekista wa kigango. Baadhi yao wanangoja shule shikizi ya kitongoji chao ikamilike. Wengine njia ya kwenda shule ni ndefu kupita nguvu za miguu yao. Wengine walibakizwa shambani kuamia ndege na kufukuza ngedere katika mahindi, mpaka umri wa kuandikishwa ukawapita.

Watoto hawa wafikapo mbele ya mwalimu kwa mara ya kwanza, kipimo wapewacho aghalabu ni imla. Kwa maneno kumi yasomwayo katika dakika tano, huamuliwa kama wanajua au hawajui, kama watakaa na wenzao wa rika lao au na watoto wadogo wa darasa la kwanza. Na pengine huamuliwa pia kama kesho watarudi au hawatarudi. Ndiyo maana tunasema kwamba jinsi tunavyoipima tahajia ya mtoto wa nyumbani si suala la herufi peke yake.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba hatutetei nyumba ichukue nafasi ya shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 imeifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, na mpango wa MEMKWA, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ulikusudiwa kuwarudisha kundini wale walioikosa. Tunalouliza ni hili: mtoto aliyekwisha kujifunza kitu nyumbani, tumpokeeje ili kile alichokuja nacho kisipotee mlangoni?

Mashindano haya yalikotoka

Mashindano ya tahajia kama yajulikanavyo leo yalikulia Marekani. Mwaka 1925 yalifanyika mjini Washington mashindano ya taifa ya kwanza, yakiwa yameanzishwa na gazeti la Courier-Journal la mji wa Louisville. Watoto tisa walifika hatua ya mwisho, na mshindi, mvulana wa miaka 11 aitwaye Frank Neuhauser, alishinda kwa kulitahaji jina la ua, gladiolus. Mwaka 1997 mashindano hayo yalipata kwa mara ya kwanza mshindi aliyekuwa akisomeshwa nyumbani: Rebecca Sealfon, msichana wa miaka 13, kwa neno euonym. Wakamfuata George Abraham Thampy mwaka 2000 na Evan O'Dorney mwaka 2007, nao pia walikuwa wanafunzi wa nyumbani. Tangu hapo wazazi wengi wafundishao watoto wao nyumbani wameyaona mashindano haya kuwa uwanja wa kuthibitisha kazi yao mbele ya watu.

Hatuna budi kukumbuka kwamba nyumbani kwa huko na nyumbani kwa huku ni mambo mawili. Huko mzazi amechagua kumfundisha mtoto wake nyumbani. Huku, mara nyingi, nyumba imefundisha kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Hata hivyo, yako mambo mawili katika habari hiyo yanayotufaa. La kwanza ni jina lenyewe. Neno la Kiingereza bee, walitumialo Wamarekani kwa mashindano haya, lilikuwa na maana ya majirani kukusanyika kwa mmoja wao ili wafanye kazi pamoja, kama vile kumenya mahindi au kushona mablanketi. Sisi tungeliita ujima. La pili ni kanuni ya mchezo: akoseaye huondoka jukwaani, nao hupungua mmoja mmoja hadi abakie mshindi. Basi jina ni la ujima, lakini kanuni ni ya mchujo.

Mchujo una faida yake kwa watoto waliokwisha kukomaa katika masomo na wanaotafuta sifa. Kwa mtoto wa nyumbani una kasoro iliyo wazi: humwondoa kwanza yule ahitajiye zaidi kubaki. Katika shindano moja tulilolihudhuria, mvulana aliyekuwa hajapata kukaa darasani alikosea neno lake la kwanza. Aliambiwa akae pembeni, akakaa saa nzima akitazama wengine wakisoma maneno ambayo yeye hakupewa tena. Siku hiyo alijifunza neno moja tu, na alilijifunza kwa aibu. Wenzake waliobaki jukwaani, ambao ndio hawakuwa na shida kubwa, walipata mazoezi ya maneno arobaini.

Tahajia ya Kiswahili si tahajia ya Kiingereza

Iko sababu ya pili ya kutoyachukua mashindano hayo kama yalivyo. Kiingereza huandikwa kwa namna ambayo sikio peke yake halitoshi. Hapana budi neno likaririwe herufi kwa herufi. Kiswahili sicho hivyo. Irabu zake ni tano na kila moja ina sauti yake. Silabi zake karibu zote huishia kwa irabu. Na mahali isipokuwapo irabu, kama m ya mtoto au mti, bado sikio huisikia silabi nzima. Mtoto awezaye kupiga makofi matatu kwa m-to-to amekwisha kuliandika neno hilo kichwani kabla ya kushika kalamu. Kumtaka ataje majina ya herufi mojamoja, kama wafanyavyo watahaji wa Kiingereza, ni kumtwika mzigo ambao lugha yenyewe haikumtwika.

Pamoja na hayo, si kweli kwamba tahajia ya Kiswahili haina ugumu. Tahajia tuliyo nayo ni mapatano ya watu. Katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia maandishi yake shuleni na vitabuni. Baadaye Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatolewa mwaka 1981. Mapatano hayo yametuunganisha, wala hatuyalalamikii. Lakini maana yake ni kwamba mtoto wa Heru Juu au wa Mabamba, ambaye lugha ya mama yake ni Kiha, hutakiwa kuandika kwa masikio ya Unguja. Makosa yake ya tahajia hutokea pale ambapo masikio hayo mawili hayapatani. Mwalimu asiyelijua hilo huona uzembe. Alijuaye huona njia ya kufundishia.

Kosa lenye kanuni

Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha upande wa Kibondo, ng'ambo ya Mto Malagarasi, tulifika katika nyumba moja ambapo kijana aliyemaliza darasa la saba alikuwa akimfundisha mdogo wake wa kike. Binti huyo alikuwa na umri wa miaka kumi hivi na hakuwa ameandikishwa shule. Alitupa shikamoo, akatuletea kibao chake cha mbao kilichoandikwa kwa mkaa. Kaka yake alikuwa amempa imla ya maneno ishirini, akaweka alama ya kosa katika tisa.

"Mwalimu, huyu hasikii," akatuambia. "Neno hilohilo nimemsahihisha mara nyingi, na kesho analirudia."

Tuliyatazama maneno tisa. Binti alikuwa ameandika gitabu, giti, gikapu, gipande, gutafuta, gupika, gusoma, gutoka na guhama. Tukatazama yale kumi na moja aliyopata. Kati yake yalikuwamo kibao, kijiko, kidonda, kula, kulima, kugawa na kuni. Hapo ilidhihirika kwamba kuna utaratibu. Tukaomba vipande vya boksi, tukayaandika maneno yote upya kwa tahajia sahihi, neno moja katika kila kipande, tukamwomba binti ayatenge mafungu mawili: aliyokosea na aliyopata. Kisha tukamwomba asome silabi ya pili ya kila neno katika kila fungu.

Alisoma polepole: ta, ti, ka, pa, ta, pi, so, to, ha. Akahamia fungu la pili: ba, ji, do, li, ga. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hizi zinapulizwa, zile zinavuma." Akaweka kidole kooni akatamka ba, akatamka pa, akacheka.

Binti yule alikuwa ameigundua kanuni ambayo wataalamu wa lugha huiita Kanuni ya Dahl, kwa jina la Edmund Dahl, mmisionari aliyefanya kazi Unyamwezi zama za Wajerumani. Katika lugha kadhaa za Kibantu, zikiwamo Kiha, Kirundi na Kinyarwanda, k ya kiambishi hugeuka g pale silabi ifuatayo inapoanza kwa sauti isiyovuma, kama t, p, s, k au h. Ushahidi wake uko karibu nasi kuliko kitabu chochote: lugha tuiitayo Kiha kwa Kiswahili, wenyewe huiita Giha. Mwalimu aliyepata kufundisha watoto wa wakimbizi kutoka Burundi ataitambua mara moja, kwa kuwa Mrundi naye kitabu chake ni igitabo.

Basi makosa tisa ya binti yule yalikuwa kosa moja lililorudiwa mara tisa, tena lilikuwa ishara ya sikio sahihi kabisa. Kaka yake alikuwa akisahihisha maneno tisa. Lililotakiwa ni kusema jambo moja, kwamba Kiswahili hakigeuzi k hii hata ikifuatwa na ta au so. Tulimwachia kazi hiyo. Tuliporudi baada ya siku nane alikuwa ameandika mistari kumi na miwili, na gi ilikuwa imebaki mahali pamoja tu.

Mafungu matatu ya makosa

Tangu hapo tumekuwa tukiyatenga makosa ya tahajia katika mafungu matatu, kwa sababu kila fungu lina dawa yake.

Fungu la kwanza ni la makosa yenye kanuni, kama hilo la gi na gu. Dawa yake ni kuyakusanya pamoja na kumwacha mtoto aione kanuni mwenyewe. Kumwandikisha neno mara ishirini hakufai.

Fungu la pili ni la sauti mbili ambazo sikio la mtoto halijazoea kuzitenganisha, hasa l na r. Hapa hakuna kanuni ya kugundua. Dawa ni maneno ya jozi yenye maana zinazogongana. Tunatumia kula na kura, mahali na mahari, hali na hari, kalamu na karamu. Mtoto aandikaye "nimempa mwalimu karamu yangu" huulizwa kama chakula kitatutosha sote. Kicheko kikija kiwe juu ya sentensi, wala kisiwe juu ya mtoto. Maana ndiyo humlazimu mtoto kusikia tofauti, na akiisha kuisikia mkono hufuata.

Fungu la tatu ni la maneno ya asili ya Kiarabu yenye dh, th na gh: dhahabu, dhambi, thamani, thelathini, ghali, ghala. Hapa sikio la bara halisaidii, kwani wasemaji wengi wanaomzunguka mtoto hutamka z, s na g. Jicho ndilo mwalimu. Tunawashauri wazazi wabandike kipande cha boksi chenye neno ghala mlangoni pa ghala. Watoto wa familia za Kikristo tumewaona wakikosea dhahabu lakini wakipata dhambi, kwa sababu neno hilo wameliona mara nyingi katika kitabu cha sala.

Pamoja na mafungu hayo liko jambo la mahali neno linapoanzia na kuishia. Katika maandishi ya watoto wa nyumbani hili ndilo gumu kuliko yote, kwa maana walijifunza kwa kusikia, na usemi hauna nafasi kati ya maneno. Huandika "hatu ta waletea" kwa mafungu matatu, na "kwahiyo" kwa fungu moja. Kwa hiyo mashindano ya neno mojamoja hayawezi kuipima tahajia ya Kiswahili kwa ukamilifu. Kipimo chake ni sentensi.

Utaratibu wa imla ya ujima

Kutokana na hayo tumeunda utaratibu ambao tumeujaribu pamoja na walimu wanafunzi katika vitongoji kadhaa, mara nyingi Jumamosi alasiri baada ya mavuno ya maharage, wakati watoto wanapopata nafasi. Tunaueleza kwa ufupi.

1. Watoto hukaa katika vikundi vya wanne. Kila kikundi kiwe na walau mtoto mmoja asomaye shuleni na mmoja ajifunzaye nyumbani. Ndugu wasitenganishwe isipokuwa wenyewe wakipenda.

2. Msomaji husoma sentensi nzima mara mbili, kwa mfano: "Kwa hiyo hatukuwaletea maharage mahali pale." Watoto hupiga makofi kwa silabi, kisha huhesabu maneno, ndipo huandika. Pasipo na madaftari, mchanga uliosawazishwa hutosha. Pasipo na kadi, herufi huandikwa juu ya visoda.

3. Kikundi huandika nakala moja, na mwandishi hubadilishwa kwa kila sentensi. Wenzake wanaruhusiwa kumwambia, lakini hawaruhusiwi kumshikia kalamu.

4. Hakuna aondolewaye. Kikundi kikikosea hupewa sentensi nyingine yenye ugumu uleule baada ya mzunguko mmoja.

5. Tahajia sahihi hupata alama moja. Kikundi kikieleza sababu ya kosa lake, au la kikundi kingine kwa adabu, hupata alama mbili. Watoto hutambua upesi kwamba kosa lililoelezwa lina thamani kuliko neno lililobahatika.

6. Mwamuzi huandika makosa yote katika daftari la makosa, kwa mafungu matatu tuliyoyataja, akionyesha jina la mtoto na tarehe. Daftari hili ndilo tunda kubwa la siku hiyo.

Faida ya utaratibu huu haiko kwa watoto peke yao. Wazazi huja kutazama, na kwa wengi wao ndiyo mara ya kwanza kuona kwamba kile wafanyacho jioni kando ya moto ni kufundisha. Walimu wanafunzi nao hupata jambo ambalo darasa la mfano chuoni haliwezi kuwapa: kulisikia kosa kabla ya kulihukumu.

Matatizo

Hatupendi kuuonyesha utaratibu huu kana kwamba hauna upungufu. Kwanza, mtoto wa shule aliye hodari huweza kuitawala kalamu na kumfanya mwenzake wa nyumbani mtazamaji. Ndiyo maana kanuni ya tatu hapo juu lazima isimamiwe kwa ukali. Pili, wazazi wengi hupenda kumjua mshindi, na siku isiyo na mshindi mmoja huwaonea haya watoto wao. Tumeona afadhali kutangaza vikundi vitatu vya kwanza na kuviacha vingine bila namba. Tatu, si kila mwalimu mwanafunzi ajua Kiha. Asiyekijua na awaombe watoto wamfundishe maneno kumi siku ya kwanza, naye afanyiwe imla ya Kiha mbele yao. Hakuna njia ya haraka kuliko hiyo ya kumwonyesha mwalimu maana ya kuandika kwa masikio ya mwingine.

Lililo gumu kuliko yote liko nje ya imla. Daftari la makosa lina kazi pale tu mwalimu mkuu apokeaye mtoto atakapokubali kulisoma. Binti wa kibao cha mkaa alipelekwa shuleni Januari iliyofuata pamoja na vipande vyake vya boksi na kurasa mbili za daftari letu. Mwalimu aliyempokea alizisoma kurasa zile, akampa kitabu asome badala ya kumpa maneno kumi, akampeleka darasa la tatu. Mvulana mmoja wa umri wake, kutoka kitongoji jirani, alikwenda mikono mitupu. Aliwekwa pamoja na watoto wa miaka sita, na kufikia Machi alikuwa amerudi mahindini. Kwa kadiri tulivyowasikia wakisoma, hatuwezi kusema kwamba mmoja alimzidi mwenziwe sana.

Hitimisho

Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliikosoa elimu inayowaandaa wachache huku walio wengi wakitoka wakijiona kuwa wameshindwa. Neno hilo lilisemwa juu ya mfumo mzima wa nchi, lakini linaingia hata katika imla ya maneno kumi. Mashindano yanayompunguza mtoto mmoja baada ya mwingine ni mfano mdogo wa elimu ile.

Tunapendekeza mambo matatu kwa wakufunzi na walimu wenzetu. Kwanza, walimu wanafunzi wapelekwao vijijini wafundishwe kuyatenga makosa ya tahajia kwa mafungu kabla ya kufundishwa kuyahesabu. Pili, kila shule ipokeayo watoto wenye umri uliopita iwe na mazoea ya kumsikia mtoto akisoma na kumtazama akiandika sentensi, kabla ya kuamua darasa lake. Tatu, walimu walio karibu na vitongoji visivyo na shule waandae imla ya ujima walau mara moja kwa muhula, na madaftari ya makosa yakabidhiwe kwa mwalimu mkuu kabla ya Januari, wakati wa kuandikisha. Gharama yake ni vipande vya boksi, visoda na Jumamosi moja.